Vituo Vinne vya Kwenda Taveta

"Ulianza kuchoka wapi?"

Mzee Mwadime aliniuliza swali hilo kwenye baraza ya shule moja ya Mahoo, mguu wangu wa kulia ukiwa ndani ya beseni la maji. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo kikuu juzi tu, na kwa kawaida nilikuwa na jibu la kila jambo, hata la mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Siku ile nilikuwa na nusu tu ya jibu. Nilijua nilipochoka kabisa, maana nilikuwa nimeanguka mbele ya wanafunzi wangu. Mahali nilipoanza kuchoka sikupajua. Akasimama na kwenda kuuliza kama kuna mtu mwenye asali ya kupaka jeraha.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Werugha kuambiwa kwamba Mzee Mwadime amefariki. Nilifika siku moja baada ya maziko, kwa kuwa siku hizi mimi ndiye ninayehitaji kupumzishwa njiani: basi la kutoka Nairobi liliniacha Voi magoti yamekauka, nikalala hapo, na asubuhi nikapanda milimani kwa gari la kukodi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Matanga yalikuwa bado yanaendelea, sufuria zimepangwa uani, wanawake wanamenya viazi, wanaume wamekaa upande wao wakizungumza kwa sauti ya chini habari za barabara na mvua. Mjane wake, Mama Mkamburi, aliponiona alinitazama sana, halafu akasema, "Ni Mwalimu wa pikipiki," akasogea kwenye benchi ili nikae. Kulikuwa na kisu cha ziada. Nikakichukua na kuanza kumenya.

Wakati huo tunaouzungumzia, katikati ya miaka ya sabini, niliajiriwa Voi kwa mwaka mmoja kusimamia madarasa ya kisomo cha watu wazima, yale ambayo watu waliyaita ngumbaru. Nilipanga chumba nyuma ya duka la nguo, karibu na reli. Kilikuwa na kitanda cha chuma, meza moja iliyochechemea, na dirisha ambalo ukilifungua ulipata hewa pamoja na vumbi jekundu, ukilifunga ulikosa vyote viwili. Mabehewa yalipogongana stesheni, kikombe changu kilitembea juu ya meza. Jioni nilikaa hapo na daftari langu nikiandika yote ambayo hayakuwa na maana katika ofisi yetu. Kwa nini fomu moja ijazwe mara tatu? Kwa nini mkutano wa kupanga mkutano? Wenzangu ofisini walinicheka kwa upole. Karani mmoja alisema kwamba nikifika mbinguni nitauliza lango limefunguliwa kwa idhini ya nani.

Kila Jumanne tulikwenda kwenye madarasa ya Taveta, mimi na Mzee Mwadime, dereva wetu, kwa pikipiki ya kijani ya ofisi. Alikuwa amepita miaka hamsini kidogo, mtu mwembamba, mwenye masikio makubwa yaliyoshika vizuri mkanda wa miwani yake ya vumbi. Wakati huo barabara ilikuwa ya changarawe, imejaa mawimbi madogo magumu yaliyotikisa meno. Siku ya kwanza alinikagua kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kuufunga. Viatu vyangu vya wazi alivikataa, nikarudi kuvaa vya kufunika. Aliniambia nivae suruali ndani ya gauni, gauni kwa ajili ya watu na suruali kwa ajili ya barabara. Alinipa gazeti la zamani niliweke kifuani chini ya sweta, kwa sababu upepo wa asubuhi huingia mfupani, na jua likipanda nilitoe. Juu ya kiti changu alikuwa amefunga mto wa gunia, aliokuwa ameujaza nyuzi za mkonge zilizotupwa kiwandani, zile fupi zisizofaa kamba. Sponji, alisema, ikikaliwa saa moja inakuwa kama chapati, lakini mkonge unarudi. Niliuliza ana ushahidi gani. Akasema ushahidi ninao mwenyewe, niukalie.

Kisha kulikuwa na vituo. Mwatate, Bura, Maktau, Murka. Kila safari, kwenda na kurudi, bila kuruka hata kimoja. Hatukusimama dukani wala hotelini, tulisimama nyumbani kwa watu. Mwatate tulisimama kwa mjane mmoja aliyefuga kuku. Bura ilikuwa kwa mke wa katekista, ambaye alitupa kimanga cha moto, maharagwe yaliyopondwa na muhogo, akikaa mbele yangu mpaka nimalize. Maktau na Murka tulisimama kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mzee alizima injini, akatembea mara tatu kuizunguka pikipiki, akashika magurudumu, akakunja na kukunjua vidole. Alinilazimisha ninywe maji hata nikisema sina kiu. Kisha alikaa na baba wa nyumba, kama yupo, au peke yake kivulini, na mama wa nyumba akanishika mkono.

"Njoo uone mboga zangu," walisema.

Wote wanne walisema hivyo, au maneno yanayofanana na hayo. Nilipelekwa nyuma ya nyumba nikaoneshwa mchicha, au mnavu, au hiyo miche ya nyanya iliyokuwa imesimama pale pale tangu Jumanne iliyopita. Na kwa kuwa nyuma ya nyumba ndiko choo kilikokuwa, nilikitumia, nikanawa, nikarudi. Nilidhani ni desturi ya njia ile, kwamba wanawake wa nchi kame hujivunia bustani. Hata niliandika kwenye daftari langu aya nzima kuhusu mwanamke na bustani katika maeneo yenye mvua chache. Nikiisoma sasa natamani kuimeza.

Niliyempenda zaidi ni Mama Zuhura wa Maktau, mke wa mkuu wa stesheni, mtu wa pwani aliyeletwa na reli kwenye nchi ya tembo na asiisamehe reli kwa hilo. Chumba chake cha mbele kilikuwa na mkeka, saa ya ukutani, na harufu ya iliki iliyokuwa haina habari kwamba tuko porini. Alikanda mkate wa mofa kila Jumanne. Alinitania kwamba nimesoma mpaka nimekonda, kwamba maswali yangu yatanimaliza nyama. Siku moja, nikirudi kutoka kuona mboga, nilimsikia akimwambia Mzee Mwadime dirishani, "Mwambie mkeo ile ahadi naitunza. Na umwambie pia huyu binti unayembeba ana maneno kuliko simu ya upepo." Mzee alicheka. Sikuuliza ni ahadi gani. Mimi, niliyeuliza kila kitu, nilidhani ni habari za wanawake na unga.

Shida yangu ilikuwa Mboghoni. Darasa la Mboghoni, huko huko Taveta, lilikuwa la mwisho, baada ya Mahoo, na wanafunzi wake walikuwa wakulima wa kumwagilia. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na zamu ya watu wa darasa langu ilianza saa tisa. Tukifika saa nane na nusu, nilipata nusu saa ya kufundisha, kisha mmoja mmoja walichukua majembe na kuaga kwa heshima. Kulikuwa na mama mmoja pale aliyekuwa anajifunza kuandika jina lake. Jumanne tatu mfululizo aliishia katikati ya jina. Nilipanda pikipiki kurudi nikiwa nimeudhika, na vituo vinne vya kurudi vikaniudhi zaidi. Nilimwambia Mzee Mwadime kwamba tunapoteza karibu saa mbili kwenda tu. Alikubali kwamba ni kweli. Alipendekeza tuondoke Voi saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja asubuhi. Nilimjibu kwamba tatizo si kuondoka, tatizo ni kusimama. Ukweli ni kwamba sikupenda kuamka.

"Mwalimu," alisema, "mwili hautoi habari mapema. Ukingoja ukuambie, umechelewa."

"Lakini mimi sijachoka."

"Ndiyo maana tunasimama sasa."

Niliona ni maneno ya mtu anayetafuta sababu. Kuanzia wiki ile nilipima kila kituo kwa saa yangu ya mkononi, na mwishoni mwa mwezi nikapiga taipu ripoti ya kurasa mbili niliyoiita Muda Unaopotea Njiani. Ilikuwa ripoti nzuri. Ilikuwa na jedwali. Katika ukurasa wa pili niliandika sentensi moja ambayo sikuifikiria kwa zaidi ya dakika, nikitaka kueleza vituo vinatoka wapi: Dereva anaonekana kuhitaji mapumziko ya mara kwa mara kutokana na umri wake. Nilimpa mkuu wa ofisi siku ya Ijumaa. Alikuwa mtu mpole, mpenda karatasi iliyonyooka, akaisoma mbele yangu na kunishukuru.

Jumanne iliyofuata Mzee Mwadime alinikuta nje ya chumba changu saa moja kamili. Alinikagua viatu kama kawaida, akakaza mto. "Tumeambiwa tusisimame," alisema. Hakuonekana kukasirika. Aliniuliza kama nimekunywa chai nyingi, nikasema vikombe viwili, akatazama chini kidogo kama mtu anayepiga hesabu, akawasha injini.

Mwatate alipunguza mwendo akauliza juu ya bega kama niko sawa. Nikapiga kelele kwamba niko sawa. Bura tulipita upande wa pili wa barabara, nikaona moshi wa jiko la mke wa katekista. Maktau, Mama Zuhura alikuwa amesimama nje na leso yake ya Jumanne, ile ya zambarau. Mzee aliinua mkono. Yeye aliinua wake nusu, akaubakisha hapo, na nilipogeuka nyuma alikuwa bado ameushikilia hewani. Baada ya hapo tukaingia mbugani, ambako huwezi kushuka na kwenda nyuma ya kichaka, kwa maana kichaka kina wenyewe. Nilibana miguu kwa sababu ambayo mwanamke yeyote aliyesafiri ataielewa. Nilibana mpaka ikafa ganzi. Murka nayo ikapita. Nilijivunia. Nilitazama saa yangu na kuona kwamba jedwali langu lilikuwa sahihi karibu kwa dakika.

Tulipofika Mahoo wanafunzi walikuwa hawajafika wote, tumewahi kiasi hicho. Nilishusha mguu wa kulia na haukuwepo. Nilianguka ubavu kwenye mchanga mbele ya watu wazima kumi na wawili waliosimama kunipokea, na mwanamke mmoja alipouinua mguu ule ndipo tulipoona. Suruali yangu ya nailoni ilikuwa imeyeyuka na kugandana na ngozi ya shavu la mguu. Kwa muda mrefu, hakuna ajuaye muda gani, nilikuwa nimeugandamiza kwenye bomba la moshi bila kuhisi. Maumivu yalikuja baadaye, yote kwa pamoja. Wanawake walinibeba. Walinipeleka kwanza chooni, bila kuniuliza, kisha barazani kwenye beseni. Hapo ndipo Mzee Mwadime alipokuja akachuchumaa mbele yangu.

"Sikulaumu," alisema. "Nataka kujua tu. Ulianza kuchoka wapi?"

Hatukufika Mboghoni siku ile. Yule mama, niliambiwa baadaye, alingoja na daftari lake mpaka zamu ya maji ilipofika.

Nililala Taveta siku tatu, hospitalini, kwenye chumba cha wauguzi chenye mashuka yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa, nikisikia wauguzi wakibishana mlangoni kama mwanamke anayepanda pikipiki ataweza kuzaa. Niliporudi Voi kwa gari moshi, nikichechemea, nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi kumwambia kwamba nilikosea, kwamba vituo virudishwe. Alinisikiliza. Alisema jambo hilo limeshapangwa. Mzee Mwadime atahamishiwa stoo ya vitabu na chaki, na pikipiki apewe dereva mwingine, kijana. Nikasema mzee ni mwendeshaji mzuri kuliko wote. Akafungua faili, akanionesha kwa kidole sentensi yangu. Alikuwa ameipigia mstari. "Ni wewe uliyekaa naye," alisema. "Sisi tungejuaje?"

Nilimkuta Mzee stoo akipanga maboksi ya chaki kwa rangi, nyeupe huku, za rangi kule. Bila pikipiki alionekana mfupi zaidi, kama mtu aliyevuliwa viatu. Barua ya uhamisho ilikuwa imenukuu maneno yangu, na alikuwa ameyasoma, kwa maana alisoma kila kitu polepole na mara mbili. Nilianza kujieleza. Nilisema nilimaanisha ratiba, sikumaanisha yeye. Aliendelea kupanga.

"Uliandika ulichokiona, Mwalimu," alisema. "Mguu unaendeleaje?"

Miezi iliyobaki nilibebwa na dereva mpya. Alikuwa kijana mchangamfu, aliyependa kuona ni dakika ngapi atapunguza, na hakuwahi kufikiria kwamba mtu aliye nyuma yake ana mwili. Sikuweza kumweleza. Ningemwambia nini? Nikajipangia mwenyewe: nikaacha chai ya asubuhi ya Jumanne, kisha nikaacha maji ya Jumatatu jioni. Kichwa kiliniuma mpaka Alhamisi. Mara mbili nilijikaza nikamwomba asimame Maktau, nikisema nina ujumbe wa stesheni, na mara zote mbili Mama Zuhura alinitoa mlangoni kabla sijasalimia, akisema twende tuone mboga. Ulikuwa mwezi wa ukame. Hakukuwa na mboga hata moja. Alinionesha mchanga.

Hata hapo sikuelewa. Nilisema moyoni kwamba uchovu wa mzee ulikuwa umenifaa mimi kwa bahati, na sasa bahati imekwisha. Mwaka wangu ulipoisha niliondoka Voi. Nikafundisha sehemu nyingine, nikazeeka, nikaandika ripoti nyingi, na nikajizoesha kuzisoma tena usiku mmoja kabla ya kuzitoa, nikitafuta sentensi moja ambayo sikuifikiria. Kovu langu lina umbo la mdomo wa kijiko. Kadi za Krismasi nilimtumia Mzee Mwadime kwa miaka mingi, naye akajibu kila moja, kwa mwandiko wa mtu asiyekimbizwa, akiuliza mguu unaendeleaje.

Haya nilimwambia Mama Mkamburi tukimenya viazi, karibu kwa mpangilio huu. Nilikuwa nimekuja kulisema jambo moja na nilikuwa nimezunguka nalo asubuhi nzima. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeandika kuwa mumewe amezeeka, na kwamba kwa ajili ya maneno yale alinyang'anywa kazi aliyoipenda.

"Najua," alisema. "Barua alikuja nayo nyumbani. Niliisoma mimi."

"Kwa nini hakukataa? Angeweza kusema si kweli."

"Aseme nini? Amwambie bwana mkubwa habari za choo chako?"

Alisema hivyo bila ukali, akatupa kiazi kwenye karai. Wanawake wawili waliokuwa karibu wakaacha kumenya. Akanieleza kwamba mumewe, akiwa peke yake, alitoka Voi akafika Taveta bila kukanyaga chini, labda mara moja kutazama tairi, na akitaka haja alisimama popote kama wanaume wote. Alifanya hivyo kwa miaka sita. Kisha ofisini wakamwambia kuanzia wiki ijayo atambeba msichana. Alirudi nyumbani hana raha. Alikula kidogo, akasema, huyu mtoto wa watu atasimama wapi? Jumamosi akashona mto wa mkonge, na Jumapili, badala ya kanisa, akashika njia ya Taveta amempakia mkewe, ambaye hakuwa amepanda pikipiki maishani mwake wala hakuipanda tena baada ya hapo. Kila walipoingia kwa watu, ni yeye Mama Mkamburi aliyezungumza na mama mwenye nyumba, kwa kuwa mwanamume hawezi kuuliza jambo kama hilo, na ni wao wanawake waliokubaliana kuhusu mboga.

Nilimuuliza walizichaguaje nyumba zile. Kwa nini Mwatate, kwa nini Murka, na si mahali pengine?

"Hatukuchagua nyumba," alisema. "Aliniambia nimgonge bega. Si nikishachoka, nikianza tu. Akasema mimi najua mwili wa mwanamke na yeye haujui, kwa hivyo nimwambie ukweli, nisione haya." Akaosha kisu, akakifuta kwenye leso. "Nilimgonga mara nne."